Mwenye Ngoja Treni

Mkamburi husema kwamba kutoka Werugha mpaka Taveta hakuna mwanamke aliyelevya wanaume wengi kuliko yeye. Ukianza kukohoa kwa aibu, anakupiga mgongoni na kukumalizia habari: aliwalevya kwa sufuria, akiwa amefunga aproni yenye masizi, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyemtazama mara mbili, isipokuwa siku sufuria ilipoisha mapema.

Ana miaka sabini na sita sasa. Anakaa Mraru, kando ya barabara ya Voi kwenda Taveta, na mbuzi wawili na redio moja, na anasema ni mbuzi tu wanaomsikiliza. Lakini jina lake, kama ana jina, liko Voi, katika Hoteli ya Kisima. Huko alifanya kazi ya jikoni kwa miaka ishirini na saba, na huko ndiko mpaka leo kinauzwa kinywaji kinachoitwa Ngoja Treni.

Aliyekinywa hahitaji kuelezwa, na asiyekinywa anastahili kuhurumiwa. Ngoja Treni huletwa katika glasi ndefu, na rangi yake ni ile ya udongo wa Voi ukishapigwa na mvua ya kwanza. Ndani mna ukwaju, asali, tangawizi, maji ya miwa na konyagi. Mrija hakuna. Badala yake umechomekwa kijiti cha muwa uliomenywa. Unakoroga nacho, unakunywa, na mwisho unakitafuna ukitazama watu barabarani. Funda la kwanza linakukunja uso. La pili linakukunjua. Ukifika la tatu unaanza kumpenda mtu aliyekaa karibu nawe, hata akiwa ni shemeji yako. Kuna madereva wa watalii ambao wakitoka mbugani huwaambia wageni wao kwamba gari linataka kupoa kidogo, na gari hupoa saa mbili nzima, palepale mbele ya Kisima.

Sasa, kilianzaje? Hapo ndipo watu wa Voi hukosana. Wapo wanaosema kilianzishwa na bwana mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa na tumbo bovu na akashauriwa ajaribu ukwaju. Wapo wanaoapa kilishuka na mpishi wa treni kutoka Mombasa, akakisahau hapa pamoja na mwavuli wake. Mwalimu mmoja mstaafu wa Mwatate anasema kilitajwa na wamisionari, lakini kwa mwalimu huyo hata baiskeli ilitajwa na wamisionari.

Kinachojulikana kwa hakika ni kidogo. Ilikuwa mwaka wa 1979. Mvua ilikuwa imekula reli upande wa Maungu, na treni ya kwenda Mombasa ikasimama Voi tangu alfajiri. Abiria wakajaa Kisima. Kufika saa sita bia ilikuwa imekwisha, na watu wakaanza kuitazama kaunta kama wanaoitamani yenyewe. Stoo, nyuma ya magunia ya unga, kulikuwa na kreti mbili za konyagi kutoka ng'ambo, na mpaka wa Tanzania wakati huo ulikuwa umefungwa, kwa hiyo hakuna aliyezijua kreti hizo wala hakuna aliyeziona zikiingia. Saa saba kikatokea kinywaji ambacho hakijawahi kuonekana. Saa kumi treni ikapiga honi, ikapiga tena, na hakuna aliyeinuka. Treni ndiyo iliyongoja.

Kwa miaka kadhaa baadaye kinywaji hicho hakikuwa na mama wala baba. Nani angejitokeza? Ungesema ni chako, ungeulizwa ile konyagi ilipita wapi. Mpaka ulipofunguliwa tena, wazazi wakaanza kutokea mmoja mmoja, na waliobaki hai leo ni wawili: Mkamburi, na Obadiah wa Mghange.

Obadiah alikuwa gadi kwenye treni ya Voi na Taveta. Ni mzee mrefu, mkavu, mwenye kofia ambayo haivui hata akiombewa. Habari yake ni fupi. Konyagi aliileta yeye, chupa moja moja, ndani ya sanduku lake la chakula, na ndiye aliyemwambia marehemu Gibson, aliyekuwa akisimamia kaunta, achanganye na ukwaju. Ukimuuliza Mkamburi alikuwa wapi, anajibu, "Mkamburi? Mkamburi alikuwa anaosha vikombe."

Sentensi hiyo ameisema miaka arobaini, sokoni, stendi, matangani. Na kila inaposemwa kuna mtu wa kuibeba mpaka Mraru ikiwa bado moto. Mkamburi naye hakukaa kimya. Alieneza Voi nzima kwamba Obadiah alipokuwa gadi, treni ilifika Mwatate bila behewa la mwisho, na yeye alikuwa amelala ndani yake.

Basi mwaka huu Kisima ikapata meneja mpya, kijana wa Taveta anayeitwa Lewis, mwenye miwani na maneno ya adabu. Lewis alipaka rangi baa, akaondoa kalenda za zamani, kisha akamwagiza seremala kibao cha mbao ya mvule cha kutundikwa juu ya kaunta. Seremala alichonga maneno haya: NGOJA TRENI. KILIANZISHWA HAPA NA. Baada ya hapo akaacha nafasi tupu, ya jina moja, kwa sababu mbao haikutosha majina mawili.

Mkamburi alipoisikia habari ya nafasi ile, usingizi ulimhama. Jina lake lilikuwa limeandikwa mara tatu maishani: katika rejista ya shule kule Werugha mpaka darasa la saba, kwenye kitambulisho, na kwenye kadi ya kliniki alipomzaa Wakio, tena hapo walikosea. Hakuna mtu aliyewahi kuchonga nafasi na kuiacha ikimngojea. Alilala akiona ile mbao. Akawa anahesabu herufi kwa vidole chini ya blanketi. Nane. Zingeenea.

Kulikuwa na Obadiah, ndiyo, lakini Obadiah hakumtisha. Aliyemtisha ni Teresia.

Teresia ni mwenyekiti wa chama cha akina mama kanisani, mwalimu aliyestaafu, mwanamke anayeweza kusikia kizibo cha chupa kikifunguliwa Mwatate naye yuko Voi. Alimfundisha Lewis darasa la tatu huko Taveta, na mpaka leo Lewis akimwona huficha mikono nyuma kama anayekaguliwa kucha. Siku ya Alhamisi Teresia alifika Mraru, akakaribishwa chai, akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Mama Wakio, nasikia jina lako linakwenda baa."

"Linakwenda peke yake, mwenyekiti. Mimi nabaki hapa na mbuzi."

"Usinichekeshe, nimekuja na neno. Watu watasema nini kanisani?"

"Watasema yule mama alijua kazi yake. Mtu akichonga jeneza, huwa mnamuuliza kama ameshakufa?"

Teresia alitazama pembeni mpaka kicheko kilipompita. "Unajua ninachouliza. Miaka yote hiyo, sufuria iko mbele yako. Hujawahi kuionja?"

"Tangu nizaliwe."

"Hata tone?"

"Mimi hutumia pua, mwenyekiti. Pua na sikio. Ngoja Treni ikiwa tayari huwa inanong'ona."

"Inanong'ona."

"Kidogo tu. Kama mama mkwe."

Mkamburi alisema hayo akimtazama Teresia machoni, bila kupepesa, na hapo ndipo mtu angemvulia kofia. Kwa maana ukweli, ambao alidhani unajulikana tu na Mungu, yeye mwenyewe na marehemu Gibson, ni kwamba alionja. Angepikaje bila kuonja? Alianza na kijiko cha chai. Kijiko kikawa kikubwa. Halafu kikawa upawa. Kila Jumamosi kwa miaka ishirini na saba, kati ya jiko na kaunta, upawa mmoja ulipotea njiani na haukuonekana tena. Naye kila Jumapili alikuwa kanisani na kitambaa chake cheupe kichwani, akiimba sauti ya pili, wala hakukosa noti hata moja. Tangu astaafu hajaigusa, zaidi ya miaka ishirini, na hakujisifu kwa hilo. Kisima walikuwa wameanza kutia ukwaju wa chupa, wenye rangi ya dawa ya kikohozi, na yeye si mtu wa kumeza upuuzi.

Teresia alinyanyua kikombe hatimaye. "Sawa. Kama hujawahi kumeza, hiyo ni kazi ya mikono, na kazi ya mikono haina dhambi. Nitawaeleza wenzangu hivyo. Lakini nikigundua umenidanganya, Mama Wakio, nitamwendea Lewis mimi mwenyewe, na hilo jina litatoka. Na Jumamosi nitakuja, nione kwa macho yangu."

"Karibu sana. Tutakutafutia soda."

Jumamosi saa nane mchana Voi ilikuwa inachemka. Hata nzi walikuwa wametulia. Baa ya Kisima ilikuwa na wateja sita saba walioacha mazungumzo yao, na kibao kilikuwa kimeegemezwa ukutani juu ya kaunta, chini ya msumari wake, na nafasi yake tupu ikitazama watu. Lewis alikuwa ameweka kopo dogo la rangi nyeupe na brashi. Teresia alikaa kiti cha mbele, soda ya machungwa mkononi, mkoba magotini.

"Wazee wangu," Lewis akaanza, "nimesikia hadithi tano za hiki kinywaji. Mimi sikuwepo mwaka wa sabini na tisa."

"Hata mama yako alikuwa bado anaruka kamba," Obadiah akasema.

"Ndiyo, mzee. Kwa hiyo sitauliza maneno. Kila mtu atengeneze glasi yake, nionje. Iliyo ya kweli itajisemea."

Obadiah alianza. Alimimina konyagi kwa mkono wa mtu asiyeogopa, akatia ukwaju aliokuwa ameuloweka kwenye maji ya moto, asali kijiko kizima, tangawizi ya unga. Akakoroga mara tatu kulia na mara tatu kushoto, akasema hiyo ndiyo siri. Lewis alionja, akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. "Ni tamu, mzee."

"Tamu ni nini?" Mkamburi akauliza. "Hata dawa ya minyoo ni tamu."

Halafu akafungua kikapu chake. Alitoa jagi lililofunikwa kitambaa, nalo lilikuwa limesafiri kutoka Mraru likiwa mapajani mwake kama mtoto mgonjwa. Alipofunua, harufu ilienda mpaka meza ya mwisho, na mzee mmoja aliyekuwa anasinzia pale akafungua macho na kuuliza ni saa ngapi. Mkamburi alimimina juu ya konyagi bila kupima. Aliponda tangawizi mbichi kwa chupa ya soda, akaichuja ndani ya leso safi, akaitia asali kwa kuiachia idondoke huku midomo yake ikihesabu. Kisha akainamisha sikio juu ya glasi. Wateja wakainama naye. Hata Teresia alijikuta ameinamisha kichwa.

"Tayari," Mkamburi akasema, akachomeka kijiti cha muwa.

Lewis alionja. Akaondoa miwani, akaonja tena. Hakusema ni tamu. Aliangalia ndani ya glasi kama mtu aliyeona jina lake gazetini.

"Nyanya, hii ni nini? Si ile tunayouza."

"Ile mnayouza ni binamu yake wa mbali, na ana tabia mbaya." Mkamburi akavuta kiti. Sasa alikuwa katika shamba lake mwenyewe. "Ukwaju haulowekwi kwa maji. Unauloweka kwa maji ya miwa, yaliyokamuliwa asubuhi hiyohiyo, unafunika, unayaacha yalale nao. Mama yangu Werugha alikuwa anafanya hivyo akianza mbangara, ile pombe yetu ya miwa. Siku ile ya treni nilikuwa nimeloweka kwa ajili ya sharubati ya watoto wa abiria, bia ikaisha, Gibson akaja jikoni anatetemeka, anasema wanataka kula kaunta. Nikalitazama jagi. Lilikuwa limeanza kuamka. Dakika kumi zaidi lingekuwa siki, dakika kumi nyuma lilikuwa la watoto. Nikamwambia Gibson, leta zile chupa ambazo hazipo."

Wateja wakacheka. Mkamburi alikuwa ameshika moto, na mtu akishika moto ulimi hutangulia.

"Na tangawizi, mwanangu, hii usiitie ya unga. Mbichi haiji mdomoni. Inakuacha umeze kwanza, inakungojea huko chini, halafu inapanda kifuani polepole, kama umevaa sweta kutoka ndani."

"Umejuaje?" Teresia akauliza.

Mkamburi alilainisha leso magotini.

"Gibson aliniambia, mwenyekiti. Mungu amlaze pema. Alikuwa na maneno mengi sana, yule."

Obadiah akageuka kwenye kiti. "Gibson? Gibson niliyemjua mimi alikuwa hasemi maneno matatu kwa siku."

"Hayo matatu aliniambia mimi."

Teresia alikunywa soda yake kidogo, akaiweka. Lewis akamsogezea Obadiah glasi ya Mkamburi. Mzee alikataa kwanza, kwa kichwa, kisha akaipokea. Alikunywa funda moja. Akalizungusha mdomoni kabla ya kulimeza. Wote walidhani anatafuta kasoro, na Mkamburi alikuwa ameshatayarisha jibu la kila kasoro aliyoweza kuifikiria.

"Ndiyo hii," Obadiah akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko yeye. "Ndiyo hii niliyokunywa siku ile, nimesimama pale mlangoni, na bendera kwapani. Mimi nilileta chupa. Chupa ni zangu. Lakini hii..." Alirudisha glasi mezani kwa mikono miwili. "Nimekuwa nikisema alikuwa anaosha vikombe. Haya, alikuwa anaosha vikombe. Alimaliza, akafanya hii."

Mkamburi aliikunja leso yake, akaikunja tena. Alitazama nje mlangoni, akapangusa jicho, akalaumu tangawizi.

Lewis alichovya brashi kwenye rangi. Na Mkamburi angeondoka hapo na jina lake, kitambaa chake na jagi lake, mambo yakaisha, kama Obadiah hangeinua mkono.

"Ngoja, kijana. Mimi na huyu mama tumesemana vibaya miaka arobaini. Ukitundika kibao juu ya hasira, hakikai. Kitaanguka kimpasue mteja. Kwanza tutase."

"Tufanye nini, mzee?"

"Nyinyi wa Taveta mna bahati ya mpunga na ndizi, lakini mengine mmenyimwa. Kutasa. Watu wakikosana, wakitaka kuyamaliza, kila mmoja anapiga funda, hamezi. Anapuliza nje, puu, kama mvua nyembamba, na anasema kwamba hasira yake imetoka hivyo. Ikishatoka na funda, imetoka. Ndio unaweza kufanya jambo la maana katika nyumba."

Lewis alimtazama mwalimu wake wa darasa la tatu. Teresia alikuwa amekunja midomo. "Hayo ni ya zamani," akasema.

"Mwenyekiti," Obadiah akasema kwa upole, "ulimtasia binti yako siku ya harusi, nyuma ya jiko. Nilikuwa natafuta choo, nikakuona."

"Yalikuwa maji."

"Maji ni sawa," Mkamburi akadakia haraka. "Maji ni sawa kabisa. Lewis, tuletee maji."

"Maji ya mfereji wa Voi?" Obadiah akauliza. "Kwa hasira ya miaka arobaini? Wazee wetu walitasa kwa pombe ya miwa. Na hapa mezani pana nini, kama si miwa?" Alimtazama Mkamburi kwa macho ya gadi aliyekwisha kumtambua abiria asiye na tikiti, na bado hajafika kwenye kiti chake. Kulikuwa na kitu kinacheza pembeni ya mdomo wake. Yeye alisimama mlangoni pa Kisima Jumamosi nyingi, na mlango ule, ukisimama vizuri, unaona mpaka jikoni.

Watu wote wakamgeukia Teresia. Alifikiri. Alikuwa mwanamke wa haki, na haki aliipima kwa gramu.

"Kutema si kumeza," akatoa uamuzi. "Tasa, Mama Wakio. Yaishe."

Wakasimama mbele ya kaunta, chini ya kibao, kwenye sakafu ya saruji nyekundu. Obadiah alitangulia. Alijaza mdomo kutoka glasi ile ya Mkamburi, akapuliza, puu, na Lewis akaruka nyuma kuokoa viatu. Akapuliza tena. Sakafu mbele yake ikageuka rangi, madoa meusi meusi kama mwanzo wa mvua. "Kama nilikuwa na hasira na Mkamburi binti wa Werugha, imetoka," akasema. "Jina lake likae hapa salama. Nyumba hii ipoe. Wanaokunywa hapa wafike kwao." Wateja wakaitikia. Alimkabidhi glasi. Ilikuwa imebaki funda moja, kubwa kidogo.

Mkamburi aliipokea akiwa na nia njema kabisa. Hilo lisemwe, kwa sababu baadaye kuna waliotia shaka. Alikuwa ametasa mara nyingi maishani, kwa majirani, kwa wajukuu wenye homa, kwa ng'ombe aliyekataa maziwa. Alijua kupuliza. Alijaza mdomo, akashusha pumzi, akafikiri habari za vikombe, akaikusanya hasira yote kutoka kila pembe alikokuwa ameiweka.

Kisha ulimi ukaitambua.

Ulikuja kwanza ule ukali wa ukwaju, ule wa kuamsha mtu, na nyuma yake miwa, mibichi, yenye ukungu wa Werugha ndani yake, na asali ikitembea taratibu kana kwamba haina miadi. Miaka ishirini na zaidi. Alikuwa ameitengeneza leo kwa pua na sikio kweli, hakuwa ameionja, alikuwa ametunza neno alilompa Teresia. Na ilikuwa sawasawa. Hakuna kilichozidi, hakuna kilichopungua. Katika Jumamosi zake zote, pengine mara mbili tu ilikuwa imetokea hivi. Alisimama pale mashavu yamejaa, akitazama ile nafasi tupu kwenye mbao, akajiambia, puliza sasa, mwanamke. Puliza.

"Puu," akasema.

Ilikuwa puu nzuri. Ilikuwa na mashavu, ilikuwa na mabega. Akaongeza ya pili. "Kama nilikuwa na hasira na Obadiah wa Mghange, imetoka," akasema, na sauti yake ilitetemeka kwa namna iliyowagusa wengi. "Hata lile behewa nimemsamehe. Nyumba hii ipoe. Wanaokunywa hapa wafike kwao."

"Na iwe hivyo," wateja wakaitikia. Lewis, mwenye machozi machache nyuma ya miwani, akapanda kistuli na kuanza kuandika. M. K. A. Obadiah alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kofia ikamfunika uso, na mabega yake yalikuwa yanacheza.

Teresia peke yake hakuitikia. Alikuwa anaangalia chini.

"Mama Wakio."

"Naam, mwenyekiti."

"Mbele ya Obadiah pamelowa. Mbele yako mbona hapajalowa?"

Mkamburi akatazama sakafu kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeletewa sakafu isiyo yake. "Ni joto la Voi, mwenyekiti. Siku hizi linakausha kitu kabla hakijafika chini."

"Linachagua?"

"Upande huu ndio jua linaingilia."

Teresia aliweka mkoba kando. Akainama, pamoja na magoti yake mabaya, akapitisha kidole kwenye saruji mbele ya viatu vya Mkamburi, kutoka kulia kwenda kushoto, bila haraka. Akakiinua kidole kwenye mwanga. Kilikuwa na vumbi.

Brashi ya Lewis ilikuwa imefika kwenye B. Ikasimama hapo, na tone la rangi likaanza kuvimba.

"Malizia, kijana," Obadiah akasema kutoka chini ya kofia. "Mimi nimeitema bila taabu, ndio maana si yangu."

"Gadi, nyamaza." Teresia alikuwa bado ameinua kile kidole chenye vumbi, na alikuwa amemsogelea Mkamburi mpaka pua zao zilikaribia kugusana. "Mama Wakio," akasema, "fungua mdomo, nione imepita wapi."